Kuonekana na Kutafutwa: Wajibu wa Msafiri wa Peke Yake

Swali la iwapo mtu anayesafiri peke yake anawajibika kuwajulisha wengine alipo ni swali la maadili kabla halijawa swali la vifaa, kwa kuwa linagusa mpaka uliopo baina ya uhuru wake na haki ya wale watakaolazimika kutoka kwenda kumtafuta akipatwa na jambo. Kwa mwendesha baiskeli anayeondoka Ziwani, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi unaopakana na Kariokor na Starehe, akapita Kiserian na kuteremka kuelekea Ziwa Magadi, swali hili huongezeka uzito kadiri barabara inavyoshuka katika Bonde la Ufa, ambako joto huzidi, makazi hutawanyika, na simu huweza kukosa mtandao. Neno kupatikana linatumika hapa kwa maana ya hali ya mtu kuweza kufikiwa na msaada mahali alipo, na linahitaji kutenganishwa na maneno mawili yanayokaribiana nalo, yaani kuonekana na kutafutwa, ambayo aghalabu hudhaniwa kuwa kitu kimoja.

Historia ya mitaa hii haimruhusu mkaazi wake kukubali bila kuhoji kwamba kujulikana alipo ni jambo jema. Sheria ya usajili ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, iliwalazimu wanaume Waafrika nchini Kenya kubeba kipande, yaani cheti chenye alama za vidole na kumbukumbu za ajira, ambacho kilitiwa ndani ya kikebe cha chuma na kuvaliwa shingoni, na ambacho kilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyoongozwa na Harry Thuku hadi alipokamatwa mwaka 1922. Aprili 1954, katika operesheni iliyoitwa Anvil, wanajeshi na polisi waliizingira Nairobi, wakawachuja wakaazi wa mitaa ya Waafrika, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapelekwa kizuizini. Katika mazingira hayo, aliyejua kujificha ndiye aliyekuwa salama, na kupotea machoni mwa mwenye nguvu kulikuwa namna ya kubaki mtu.

Hata hivyo, jina la mtaa wa jirani linabeba ushuhuda wa upande wa pili. Kariokor ni matamshi ya Kiswahili ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliowabebea Waingereza mizigo katika vita vya 1914 hadi 1918 vya Afrika Mashariki, na ambao walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na uchovu, huku wengi wakiachwa bila kaburi linalojulikana. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba Waafrika wengi waliokufa katika vita hivyo hawakuwahi kukumbukwa kwa majina. Dola lile lile lililotaka kujua alama za vidole vya mfanyakazi aliye hai halikujishughulisha kujua mahali alipolala mpagazi aliyekufa, na katika tofauti hiyo ndimo lilimo jibu: kuonekana ni hali ya kujulikana na mwingine kwa faida ya huyo mwingine, ilhali kutafutwa ni hali ya kuwa na mtu anayeona kwamba kukosekana kwako kunamdai jambo.

Vifaa vya kisasa vinaeleweka vyema zaidi vikitazamwa kwa tofauti hiyo. Kipokezi cha GPS, kiwe ndani ya simu au kimefungwa kwenye usukani wa baiskeli, husikiliza mawimbi ya setilaiti na kumwambia mwenyewe mahali alipo, lakini chenyewe hakimwambii mtu mwingine yeyote, hivyo aliyevunjika mguu bondeni anaweza kujua alipo kwa usahihi wa mita chache na bado asijulikane na kiumbe chochote. Kifaa cha kuombea uokozi hufanya kazi kinyume chake, kwa kuwa hukaa kimya safari nzima na huanza kupeleka wito kwa masafa ya megahezi 406 pale tu mwenyewe anapokiwasha. Wito huo hupokewa na setilaiti za mpango wa Cospas-Sarsat, ambao Kanada, Ufaransa, Marekani na Muungano wa Kisovieti ziliuasisi mwaka 1979, mataifa yaliyokuwa yakipelelezana katika Vita Baridi yakakubaliana angalau kwamba aliyepotea atafutwe. Kipande kilisema wakati wowote askari alipotaka kukisoma. Kifaa hiki husema pale msafiri anapotaka kisikike, na mamlaka ya kusema yakihama hivyo, maana ya kujulikana nayo hubadilika.

Muumini anaweza kupinga kwa hoja kwamba Mungu humwona mja wake popote, kama zinavyofundisha Zaburi na Kurani pia, na kwamba kubeba kifaa ni upungufu wa tawakali, yaani kumtegemea Mungu kwa moyo wote. Hoja hiyo inachanganya ujuzi wa Mungu na wajibu wa jirani. Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi kuhusu mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake huru na kutawakali inafundisha kwamba kufunga kamba hutangulia na tawakali hufuata, na Mtume Muhammad mwenyewe alitahadharisha dhidi ya kusafiri usiku peke yako. Mfano wa kondoo aliyepotea katika Injili ya Luka, kwa upande wake, unamsifu mchungaji anayewaacha tisini na tisa nyikani akaenda kumtafuta mmoja, lakini pia unadhihirisha kwamba kutafuta kuna gharama, na gharama hiyo humwangukia anayetafuta. Kondoo hana uwezo wa kuupunguza mzigo huo; mtu anao, na mwenye uwezo ndiye anayedaiwa.

Wala upweke wenyewe haubatilishwi na wajibu huu, maana upweke una thamani yake katika dini na katika safari. Mtume alijitenga katika pango la Hira kwa siku kadhaa mfululizo, lakini mapokezi yanaeleza kwamba alikuwa akirejea kwa mkewe, Bi Khadija, kuchukua masurufu, maana yake ni kwamba faragha hiyo tukufu kuliko zote kwa Waislamu ilikuwa na mtu nyumbani aliyeijua.

Kwa sababu hiyo, desturi ya kuaga, ambayo kwa wengi imebaki kuwa adabu ya mlangoni tu, inastahili kurudishiwa uzito wake. Anayeaga kikamilifu humwachia mwenzake amana, yaani kitu cha kutunzwa kwa niaba yake, yenye mambo matatu: njia atakayopita, saa atakayorejea, na saa ambayo ikipita bila habari, mwenye amana apige 999 au 112 bila kusubiri zaidi. Hata setilaiti haziiondoi haja ya desturi hiyo, kwa kuwa kituo cha uokoaji kikipokea wito hupiga simu kwa watu ambao mwenye kifaa aliwaandikisha, kikiuliza kama kweli yuko safarini na alisema anaelekea wapi. Wito uliopanda angani kutoka Magadi huteremka katika nyumba moja ya Ziwani, na thamani yake hapo hutegemea kama aliyeondoka alfajiri aliaga.