Ukimya wa Muuza Gari

Katika yadi za magari za Mombasa na Nairobi, Nissan NV200 nyeupe haikosekani. Ilianza kuuzwa Japani mwaka 2009. Inavutwa na magurudumu ya mbele, na sakafu yake ya nyuma iko chini kiasi kwamba mtu mmoja hupakia jiko au cherehani bila kuita msaidizi. Jirani yake huwa Toyota TownAce ya kizazi kilichotoka mwaka 2008, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, injini yake ikiwa chini ya viti vya mbele. Wanaoyatafuta magari haya si wenye maduka peke yao. Yupo fundi wa umeme anayetaka gari la kubebea ngazi na nyaya kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, kisha Jumamosi atandike godoro humo humo, awachukue watoto wakalale Naivasha.

Mnunuzi huyo huja na maswali ya kawaida: limetembea kilomita ngapi, linakula mafuta kiasi gani, bei ya mwisho ngapi. Muuzaji humjibu yote. Lakini yapo mambo anayoyajua na ambayo hakuulizwa. Anajua kuwa ubavu wa kushoto ulinyooshwa na kupigwa puti. Anajua kuwa mvua ikizidi, maji hupenya kwenye mpira wa mlango wa nyuma. Hakusema uongo hata neno moja. Alinyamaza tu, pesa zikahesabiwa.

Je, ametenda dhambi?

Swali hili lina umri wa zaidi ya miaka 2,000. Waliolijadili walizungumzia uuzaji wa nafaka, ngamia, farasi na nyumba, lakini ukiwasikiliza utadhani walikuwa wamesimama yadini.

Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero, mwanasiasa na mwanafalsafa wa Roma, alimwandikia mwanawe Marcus kitabu juu ya wajibu wa mtu. Humo alisimulia kisa cha mfanyabiashara aliyefika kisiwa cha Rhodes na shehena ya nafaka kutoka Alexandria, wakati watu wa Rhodes wanakufa njaa na bei iko juu mno. Njiani aliziona meli nyingine zenye nafaka zikija huko huko. Awaambie wanunuzi, au auze kwanza kwa bei ya njaa? Cicero aliwaweka wanafalsafa wawili wa Kistoa wabishane. Diogenes wa Babeli alishikilia kwamba muuzaji ataje kasoro ambazo sheria inamtaka azitaje, asidanganye, na baada ya hapo auze kwa bei nzuri aipatayo. Kutosema si sawa na kuficha. Antipater wa Tarso, aliyekuwa mwanafunzi wake, alikataa. Kwake, binadamu ni jamii moja, na mtu hawezi kujipatia faida kutokana na jambo analojua huku mwenzake akiumia kwa kutolijua.

Kisha Cicero akaleta kisa cha pili, cha nyumba inayouzwa na mtu anayejua kwamba ina madhara kwa afya na kwamba nyoka hutokea vyumbani. Katika visa vyote viwili aliamua dhidi ya muuzaji. Kipimo chake ni nia: kunyamaza kunakuwa kuficha pale mtu anaponuia, kwa faida yake, wengine wasijue jambo ambalo lingewafaa kulijua.

Hoja ya Diogenes bado iko hai midomoni mwa madalali. Macho unayo, fundi unaye, gari hili hapa, kagua. Si hoja ya kudharauliwa, kwa sababu hakuna biashara ambayo muuzaji hueleza kila kitu. Anayeuza veni yake halazimiki kusema kwamba yadi ya jirani inayo kama hiyo kwa bei nafuu. Tatizo ni kujua mpaka uko wapi.

Wasomi wa Kiislamu waliutafuta mpaka huo kwa kesi za sokoni. Katika hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, Mtume Muhammad (S.A.W.) alipita penye rundo la chakula, akaingiza mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali akasema kilinyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu kile kilicholowa watu wakakiona, kisha akamtenga mdanganyifu na umma wake. Yule muuzaji hakuwa amewaambia wanunuzi neno lolote. Mpangilio wa bidhaa ndio uliosema. Hadithi nyingine inakataza kufunga chuchu za ngamia na kondoo kabla ya kuwauza ili maziwa yajae na mnunuzi adhani mnyama ana maziwa mengi. Aliyenunua hivyo amepewa hiari ya kumrudisha mnyama pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyokamua.

Magari nayo yana chuchu zake zilizofungwa. Mita ya kilomita hurudishwa nyuma. Injini huoshwa kwa mashine ya maji hata isionekane inapovujisha oili. Oili nzito humiminwa ili kelele ipungue kwa siku mbili tatu, muda unaotosha gari kujaribiwa na kulipiwa.

Marabi wa Kiyahudi walilifikia jambo hili kwa njia ya rangi. Mishna, mkusanyo wa sheria zao wa karibu na mwaka 200, inakataza kumrembesha mnyama wa kuuzwa au kupaka vyombo rangi ili vionekane bora kuliko vilivyo. Talmudi, inayoifafanua Mishna, ikaongeza tofauti ya maana: chombo kipya ruhusa kukipamba, cha zamani marufuku. Rangi mpya juu ya chombo kipya inapendezesha. Juu ya chombo cha zamani inafuta historia, na historia hiyo ndiyo mnunuzi wa mtumba anayoilipia.

Je, muuzaji akitangaza mapema kwamba anauza gari kama lilivyo? Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani kuanzia Lamu hadi Zanzibar, jibu liko katika Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kitabu kilichosomeshwa kwa vizazi katika madrasa za pwani. Muuzaji akishurutisha kwamba hana dhamana ya kasoro yoyote, sharti hilo linamkinga na jambo moja tu: kasoro iliyojificha ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Mnyama huugua ndani kwa ndani na mwenyewe asijue. Bidhaa nyingine hazina udhuru huo, na kwa kipimo hicho maneno ya "kama lilivyo" hayamwokoi mwenye veni. Mnunuzi naye ana deni lake: akigundua kasoro airudishe bidhaa bila kuchelewa, na akiendelea kuitumia haki yake imekwisha. Aliyeona maji yanaingia Jumamosi, akalala humo hadi Jumapili, kisha akabebea ngazi wiki nzima, hana cha kudai.

Upande wa Kikristo, mwanatheolojia Thomas Aquinas wa karne ya 13 alilitolea jambo hili ukurasa mzima wa fikra pevu. Kasoro iliyo wazi, kama farasi mwenye jicho moja, muuzaji halazimiki kuitangaza, mradi bei imeshuka ipasavyo. Kasoro iliyofichika ambayo inaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, lazima isemwe. Kuhusu mfanyabiashara wa Rhodes, Aquinas alimwachilia: haki haimlazimishi kutangaza meli zijazo, ingawa angefanya hivyo ingekuwa fadhila kubwa zaidi. Tofauti yake na Cicero inasaidia yadini. Habari za soko ni jambo moja, hali ya kitu chenyewe ni jambo jingine.

Kasoro kwa Aquinas ilipimwa pia kwa matumizi. Farasi kilema akiuzwa kama mwenye mbio, aliyemtaka kwa mbio amepunjwa. Hapa ndipo yule fundi wa umeme anapoingia na godoro lake.

Tuchukue ekzosi iliyotoboka chini ya sakafu. Kwa gari la kusambaza mikate mjini, vioo vikiwa wazi mchana kutwa, wengi wataiona kuwa ni kelele tu, ya kuchomelewa siku yoyote. Naivasha iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi. Baba akiwasha injini nusu saa ili watoto wapate joto, gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inaweza kupenya pale pale maji yalipopenya, na aliyelala haamki. Tundu ni lile lile, gari ni lile lile. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna watu wamelala ndani. Muuzaji aliyesikia habari za kambi na godoro, akalijua tundu, kisha akanyamaza, ameuza hatari.

Kasoro nyingine hugeuka upande wa pili. Mikwaruzo ya ndani iliyoachwa na makreti haimsumbui anayekwenda kuweka mbao na kitanda. Kutu kwenye kingo za sakafu humtisha anayebeba saruji kuliko anayebeba hema. Mwenye TownAce akisikia mteja anapanga kuteremka mteremko mkali wa Mai Mahiu na mzigo kila wiki, breki na mfumo wa kupooza injini ndivyo vinavyostahili kutajwa kabla ya redio. Kwa hiyo mnunuzi anayeficha shabaha yake anajidhulumu. Wengine huogopa kwamba wakisema wanataka gari la kufurahia wikendi bei itapanda, na kwa hofu hiyo wanamwondolea muuzaji wajibu mkubwa aliokuwa nao.

Sheria za nchi zinakubaliana na hoja hiyo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, na ile ya Tanzania, Sura ya 214, zina asili moja katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Zinaanza kwa kumtaka mnunuzi awe macho, kisha zinaweka mambo yanayoulegeza msimamo huo. Mojawapo ni pale mnunuzi anapomweleza mfanyabiashara wa bidhaa hiyo matumizi anayokusudia, na kuonyesha kwamba anautegemea ujuzi wake: bidhaa inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Lakini sheria hizo, zikisomwa peke yake, zinaruhusu pande mbili kuuondoa ulinzi huo kwa mkataba. Jambo ambalo Nawawi hakulikubali, sheria hizo zinaweza kulikubali. Na mahakama za Kadhi nchini Kenya leo husikiliza ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, hazisikilizi kesi za magari. Kanuni ya Minhaj imebaki kwa dhamiri ya muuzaji.

Je, dhamiri inatosha? Mchumi wa Marekani George Akerlof aliandika mwaka 1970 makala kuhusu soko la magari yaliyotumika. Majarida matatu yaliikataa kabla haijachapishwa, na mwaka 2001 ikamletea Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Alionyesha kwamba wanunuzi wasipoweza kutofautisha gari zuri na bovu, hutoa bei ya katikati kwa yote. Mwenye gari zuri anaiona bei hiyo ni hasara, analiondoa sokoni. Yanabaki mabovu, bei inashuka tena. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika yadi ya mitumba kizuri hakijiuzi, kwa kuwa hakuna anayeweza kukitambua kwa macho. Muuzaji anayenyamaza anamwibia mnunuzi wake, na anamharibia pia muuzaji mkweli wa yadi ya pili.

Ukweli kuhusu magari haya mara nyingi umekwisha kuandikwa. Kwenye minada ya Japani gari huambatana na karatasi ya ukaguzi yenye mchoro wa bodi na herufi zake: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu iliyonyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Lililopata ajali likatengenezwa hupewa daraja la R au RA. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na hulitaka likaguliwe kabla ya kupandishwa melini. Hata hivyo karatasi ya mnada mara nyingi hubaki kwenye simu ya muagizaji, na mnunuzi wa mwisho anakabidhiwa gari lililong'arishwa kwa nta. Huko ni kuficha kwa maana ile ile ya Cicero: habari ipo, imeandikwa, na mtu ameamua isimfikie anayeihitaji.

Dalali atasema kwamba yeye kweli hajui. Anaambiwa bei, anatafuta mteja, anachukua chake. Aquinas alimjibu kwa niaba ya wote: asiyejua kasoro hana dhambi, lakini akija kuijua anapaswa kumfidia mnunuzi. Na dalali anayejizuia kuuliza ili apate kusema hajui, amechagua kutojua. Udhuru huo haumfai.

Hukumu basi si ngumu. Muuzaji anaweza kunyamaza kuhusu bei za wenzake na kuhusu kasoro inayoonekana na kila mwenye macho. Kuhusu kasoro iliyofichika na yenye kudhuru matumizi aliyoelezwa, ukimya wake ni udanganyifu, hata akiandika "kama lilivyo" kwa herufi kubwa. Wewe unayekwenda kununua, mweleze mbele ya shahidi kwamba kutakuwa na watu wanaolala humo, dai karatasi ya mnada yenyewe, mpeleke fundi wako akague ekzosi na mipira ya milango, kisha majibu ya muuzaji yaandikwe kwenye mkataba kabla hujatoa hata shilingi.