Pinto, geti na ardhi

Kila jioni hapa mtaani Nyayo Highrise, Nairobi, magari husimama yakingoja geti lifunguliwe, watoto wakichungulia dirishani. Mpigania uhuru Pio Gama Pinto alipigwa risasi akingoja geti vivyo hivyo, Westlands, 24 Februari 1965, bintiye akiwa garini. Alikuwa na miaka 37 tu!

Mzaliwa wa Nairobi, mwana wa Wagoa, aliipigania Goa dhidi ya Mreno, kisha Kenya dhidi ya Mwingereza, akafungwa kizuizini 1954 hadi 1959, miaka mingi kisiwani Manda. Alianzisha gazeti la chama cha KANU, Sauti ya KANU, na 1963 akaingia Bunge la Afrika Mashariki. Alidai ardhi iwafikie wasio nacho. Hapa jirani na Nyayo Highrise, Soweto ya Kibera, maelfu bado wanalala kwenye ardhi wasiyo na hati yake.