Taa ya Kijani

Muuzaji alimwaga unga sakafuni. Kiganja kizima cha unga wa ngano juu ya vigae vyeupe vya duka, kisha akatoa mfukoni kishungi cha nywele za kusukia, akakichambua na kukitawanya juu ya ule unga. "Tazama sasa, bi mkubwa," akasema, akabonyeza kitufe. Mashine ya kuvuta vumbi ikavuma kama nyuki waliofungiwa kwenye debe, ikapita mara moja, na kigae kikabaki kama ambacho hakijakanyagwa na mtu.

Nikamuuliza, "Na najisi je, mwanangu? Inaondoa?"

Akacheka kwa adabu, akidhani namtania. "Inaondoa kila kitu, mama. Mpaka bakteria."

Bakteria sikuwauliza. Nilipanda tuktuk pale Barabara ya Digo nikarudi nyumbani mikono mitupu, na lile swali nimelipakata mapajani.

Nimesomesha dini shule ya msingi kwa miaka 31, na siku hizi kila Jumatano baada ya alasiri akina mama wa mtaani huja kukaa nami barazani tukapitia fiqhi kidogo kidogo. Mlango wa twahara, utakaso wa ibada, nimeufundisha mara nyingi hata nikiamshwa usingizini naweza kuuanza popote. Sikutazamia kwamba katika umri huu, magoti yamekataa kuinama na daktari amenipiga marufuku ufagio wa chelewa, nitarudishwa darasa la kwanza na kijana mwenye unga.

Sakafu yetu ina shida zake. Kichochoro cha mbele hakina lami, na kaskazi ikivuma vumbi huingia hata dirisha likifungwa. Binti wa kaka yangu anasuka watu sebuleni. Wateja wanne wakipita kwa siku, nywele zao na za bandia hulala chini kama majani ya mkadi siku ya harusi. Halafu kuna Kidebe, paka wa rangi ya mdalasini, ambaye hakununuliwa wala hakualikwa, na ambaye kila anapojikuna huacha ushahidi.

Nilirudi dukani mara tatu kabla ya kununua, na nikajifunza mambo. Boksi limeandikwa kilo 2.6, lakini hizo kilo ziko wapi? Mashine nyingi za fimbo zisizo na waya hubeba mota, betri na kikopo cha taka juu, kwenye mkono, kwa hiyo uzito wote unauonja kifundo cha mkono wako, si sakafu. Nilishika moja kwa dakika tano nikawa natetemeka kama niliyebeba ndoo ya maji hadi ghorofani. Nyingine ilikuwa na mwili wake chini kwenye magurudumu na waya mrefu. Hiyo nyepesi mkononi lakini yataka kukokotwa kama mbuzi asiyetaka kwenda. Betri nayo ina maneno mawili. Wanasema dakika 40, na ni kweli, ukiiendesha kwa nguvu ndogo. Ukiiweka nguvu ya mwisho juu ya zulia, hujamaliza chumba kimoja inakuomba chaja. Na nywele, nywele ndizo adui wa kweli. Zile brashi za manyoya zinazozunguka huzikamata vizuri, kisha huzivaa. Baada ya wiki moja roli imefungwa kilemba, haizunguki tena, na wewe umekaa chini na mkasi. Ndiyo maana wengine wameweka kitana kidogo pembeni mwa roli, wengine mpira badala ya manyoya, wengine roli iliyochongoka mwishoni ili unywele uteleze uende zake.

Haya yote ni ya mkono na mgongo, yanasemeka. Lililonishughulisha ni lile la najisi, na la taa nitakayoieleza.

Kwanza niseme tulivyo. Sisi watu wa pwani, Lamu hadi Kilwa, ni Mashafii, watu wa madhehebu ya Kishafii, tangu zamani. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba kwenye milango ya misikiti yetu kulikuwa na visima vifupi, mtu huteka maji kwa kata ya mti, akaosha miguu, akaipangusa kwenye kipande cha jamvi nene kilichowekwa mlangoni, akaingia. Watu wote, anasema, walitembea pekupeku. Napenda sana kile kipande cha jamvi. Karibu miaka 700 iliyopita mtu wa mji huu alijua tofauti ya mambo mawili ambayo muuzaji wangu aliyachanganya: maji yalikuwa ya miguu, na jamvi lilikuwa la maji.

Kwa sababu usafi si twahara. Vumbi la kichochoro chetu ni uchafu kwa macho, lakini ni tahiri, yaani si najisi. Si tahiri tu, maji yakikosekana ndilo tunalotayamamia badala ya kutawadha, na kwetu Mashafii lazima udongo uwe na vumbi la kushika viganja, mwamba mtupu hautoshi. Unywele wa mteja ulioanguka sebuleni ni tahiri, kwa kuwa mwanadamu ametukuzwa, hai na maiti. Zile rasta za bandia ni plastiki, hazina neno. Lakini Kidebe! Mtume alishatuambia paka si najisi, ni katika wale wanaotuzunguka majumbani, na mabaki ya maji aliyokunywa tunatawadhia. Hata hivyo, wanazuoni wetu wanasema unywele wa mnyama asiyeliwa, ukishatengana naye akiwa hai, hukumu yake ni najisi. Paka mzima anakalia msala hapana shida. Unywele wake mmoja unaobaki pale ndio wenye kesi.

Sasa itazameni mashine. Inavuta vumbi tahiri na unywele wa najisi kwa pumzi moja, haibagui. Inachoacha nyuma ni sakafu safi. Je, ni tahiri? Pale ambapo unywele na sakafu vilikuwa vikavu, ndiyo, haikuharibika hata mwanzo: kikavu kwa kikavu hakiambukizani. Na hapa, nilipofikiri vizuri, niliona mashine inashinda dekio langu la miaka yote. Maana dekio ukilitia kwenye ndoo likiwa na manyoya mengi ya paka, na ndoo haifiki kula mbili, yaani maji ya lita 200 hivi, basi ndoo nzima imenajisika, nawe unaipaka nyumba nzima huku unajisifu. Imamu Ghazali, Mshafii mwenzetu, aliyefariki mwaka 1111, hakuficha kwamba alitamani laiti katika suala la maji madhehebu yetu yangekuwa kama ya Malik, ambaye kwake maji hayaharibiki mpaka yabadilike. Nikiwa na dekio mkononi nimemwelewa sana.

Lakini Kidebe alipokojoa kwenye zulia, na alikojoa, mashine haikuwa na la kufanya. Kitabu chake chenyewe kinakataza kuvuta majimaji, mota itaungua. Na sheria inataka maji: ondoa najisi yenyewe, kisha mimina. Bedui mmoja alipokojoa ndani ya msikiti wa Mtume, uliokuwa na sakafu ya udongo, aliachwa amalize, ikamiminwa ndoo ya maji, basi. Kwa hiyo mashine inaishia pale pale twahara inapoanzia.

Sasa taa. Mara ya pili nilipokwenda, yule kijana alinionyesha mashine ya bei kubwa kuliko zote. Akazima taa za duka. Kwenye kichwa cha mashine ikawaka taa nyembamba ya kijani, ikilala juu ya sakafu kama jua la magharibi, na ile sakafu ambayo kwa macho yangu ilikuwa safi kabisa ikageuka jangwa. Chembe, nyuzi, vijinywele, unga wa jana. Nikarudi nyuma hatua moja. "Umeona, mama?" akasema. "Hivi ndivyo unavyoishi navyo."

Usiku ule nilipiga deki mara mbili. Binti akaniuliza kama kuna wageni. Hapakuwa na wageni. Nilikuwa naiona ile taa kila nilipoangalia chini, na ilipofika sala ya isha nilibadilisha msala, kisha nikaubadilisha ule wa pili.

Hali hii ina jina, nami nimewaonya nayo wanafunzi wangu: wasiwasi. Tena aibu yangu ni kwamba jawabu lake liko kwenye ukurasa ninaoufundisha kila mwaka. Katika najisi zilizosamehewa, ya kwanza kutajwa mara nyingi ni ile isiyoonekana na jicho la kawaida. Haisemwi haipo. Imesamehewa. Na unywele wa paka, mmoja au nywele chache, umesamehewa pia, hasa kwa anayeishi na paka, kwa kuwa hawezi kujikinga nao. Nilikuwa nimelisoma hilo kama kanuni ya sakafu. Sikuwa nimelisoma kama habari ya Mungu: kwamba kuna mpaka uliowekwa kwa makusudi, ng'ambo yake hatuulizwi, na mpaka wenyewe ni jicho hili hili dhaifu tulilopewa. Sheria ilikuwa imeshaniachilia. Aliyekataa kusamehe unywele ni mimi.

Na biashara ya mashine hizi ilijua mapema siri ya kuonyesha kisichoonekana. Mwaka 1901, London, mhandisi Hubert Cecil Booth alikuwa ameona kifaa kilichopuliza vumbi badala ya kulivuta. Akiwa mkahawani akaweka leso juu ya mgongo wa kiti, akaweka mdomo, akavuta. Nusura apaliwe, lakini leso upande wa pili ilikuwa na doa jeusi, naye akajua amepata. Mashine yake ilikuwa kubwa, ikikokotwa na farasi, ikisimama barabarani na mipira yake ikipitishwa madirishani. Mwaka 1902 ilisafisha mazulia ya Westminster Abbey kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Inasimuliwa kwamba mabibi wa kitajiri walialika wenzao kunywa chai na kutazama, na mirija ikawekewa sehemu za kuonyesha ndani, wageni waone vumbi likipita. Waliona nini wale? Sakafu ilikuwa safi kwao hadi jana yake. Aliyetengeneza mashine ndogo ya kubebeka, miaka michache baadaye, alikuwa mtu mwingine kabisa: James Murray Spangler, msafishaji wa jengo huko Ohio, aliyekuwa na pumu na vumbi la ufagio likimkaba. Foronya ya mto ndiyo iliyokuwa mfuko wake. Huyo nampenda zaidi. Yeye alitaka kupumua tu.

Nimsikilize Ghazali tena. Katika kitabu chake Ihya anaipanga twahara ngazi nne: ya mwili na nguo, kisha ya viungo kutokana na madhambi, kisha ya moyo kutokana na tabia mbaya, kisha ya siri ya ndani kutokana na kila asiyekuwa Mungu. Anawashangaa watu wa zama zake waliotumia muda wote kwenye ngazi ya kwanza, wakaiita ndiyo dini, na hali Masahaba walisali juu ya ardhi tupu na kutembea pekupeku kwenye matope. Hakusema uchafu ni ibada. Alisema umri ni mfupi. Mimi usiku ule nilitumia saa mbili kwenye ngazi ya kwanza, na asubuhi nikamfokea mteja wa binti kwa kuingia na viatu. Mwanamke wa watu, mjamzito.

Nikanunua isiyo na taa. Kilo moja na nusu na kitu, roli ya mpira, chujio la kuoshwa, ambalo wakati wa masika linachukua siku mbili kukauka. Binti huitumia usiku wateja wakiisha. Nyanya yetu angepiga kelele, kwani alikataza kufagia usiku, utafagia riziki nje. Nimemtetea binti: hii haifagii nje, inaweka kwenye kikopo. Riziki yetu imo humo mpaka asubuhi.

Jumatano iliyofuata mmoja wa akina mama akaniuliza, kwa uso mkavu kabisa, kama vumbi la kikopo linafaa kutayamamia. Tukacheka, kisha tukalijibu, kwa sababu swali ni swali. Halifai: vumbi lililochanganyika na unga au kitu kingine halitayamamiwi kwetu, hata kama ni kidogo, sembuse lenye manyoya ya Kidebe.

Lakini kikopo hicho kina jambo ambalo sikulifikiria dukani. Nyanya alikuwa akikusanya nywele zetu kila baada ya kusukwa, akazifukia chini ya mlimau uani. Vitabu vyasema ni vizuri nywele za mtu zizikwe. Yeye aliongeza hofu zake, asije mtu akazichukua kwa ubaya. Hata wateja wa binti, walio wakubwa zaidi, walikuwa wakiondoka na zao kwenye karatasi. Sasa zinavutwa zote pamoja. Ijumaa nilifungua kikopo nikakuta donge moja laini, kama kiota: nyeupe ni zangu, nyeusi za binti na za wanawake sita, mdalasini ya Kidebe, na rasta ya zambarau iliyozunguka zote.

Nilikuwa nimeshachimba kishimo. Binti akasimama mlangoni ameshika kikombe cha chai.

"Na hiyo ya zambarau utaizika, shangazi? Haiozi hiyo."

Nikamwambia alete mkasi na kigoda. Tukakaa chini ya mlimau, nimeinama kama daktari alivyonikataza, tukaanza kuchambua.