Kabati Lenye Sura ya Mninga

Anayetaka kubadilisha makabati ya jiko lake leo, awe amekwenda kwa mafundi wa Keko jijini Dar es Salaam au kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ataonyeshwa milango yenye rangi na mistari ya mninga ambayo haina hata chembe ya mninga. Ndani ni chipubodi, yaani vipande na unga wa mbao mchanganyiko, vilivyotiwa gundi na kushindiliwa kwa joto. Juu yake imegandishwa karatasi iliyochapwa picha ya mbao na kuloweshwa melamini ili iwe ngumu. Watu hubishana kuhusu uzuri na bei ya kitu hiki, na wana haki. Mimi nauliza jambo jingine: je, kabati hili linasema uongo? Na kama linasema, ni nani atakayeulizwa mbele ya Mungu, kiwanda, fundi, muuzaji au mwenye nyumba?

Mwingereza John Ruskin, katika kitabu chake The Seven Lamps of Architecture cha mwaka 1849, alilijibu swali hili kwa ukali. Kwake yeye, kukipaka kitu kimoja rangi ili kionekane kingine ni udanganyifu, na jengo linaweza kudanganya kama mtu anavyodanganya. Lakini Ruskin huyohuyo aliacha mlango wazi. Alikubali kwamba dhahabu inayopakwa juu ya kuta si udanganyifu, kwa kuwa hakuna anayedhani ukuta mzima ni dhahabu. Katika vito ni udanganyifu, kwa kuwa huko mtu hudhani. Naona hapo ndipo hoja yake inapokuwa na nguvu kuliko alivyokusudia. Uongo haukai kwenye karatasi wala kwenye rangi. Unakaa kati ya watu wawili, katika kile ambacho mmoja anakijua na mwenzake hakijui. Mtakatifu Augustino naye, karne nyingi kabla, aliutafuta uongo katika nia ya kudanganya. Basi mnunuzi anayejua kwamba ananunua picha ya mninga, na akaipenda picha hiyo, hajadanganywa na mtu.

Hata hivyo, kusema hivyo hakumalizi kesi, maana kuna mambo ambayo mnunuzi hayajui hata akiambiwa wazi kwamba mbao si mninga. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alipita penye rundo la nafaka sokoni, akaingiza mkono ndani, vidole vikagusa unyevu. Mwenye mali alieleza kwamba ilinyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka unyevu ule juu watu wauone, kisha akatamka kwamba mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Tuitazame kesi hiyo kwa makini. Mfanyabiashara hakutamka neno la uongo. Mvua hakuileta yeye. Nafaka ilikuwa nafaka kweli. Kosa lilikuwa katika mpangilio: kikavu juu, kibichi chini. Kabati la chipubodi lina unyevu wake uliofichwa. Chini ya sinki, bomba linapovuja tone moja moja, maji huingia kwenye ukingo usiozibwa kwa mkanda, na mara nyingi ni ukingo wa nyuma au wa chini, ambao jicho haliufikii. Ubao hunyonya, hufura, na ukishafura haurudi unene wake hata ukikauka. Karatasi hupasuka, skrubu za bawaba hulegea, na tundu lililokwisha chakaa halishiki skrubu tena. Fundi anayajua haya yote siku anapokata ubao. Akiziba kingo za mbele zinazong'aa na kuacha za nyuma wazi, ameweka kikavu juu na kibichi chini.

Wengine watasema dawa ni kurudi kwenye mbao halisi. Siwezi kuafiki kirahisi. Mninga hukua polepole katika misitu ya miombo, na ubao uliokatwa bila kibali hausemi kweli kwa sababu tu mistari yake ni ya asili. Hapo aliyenyimwa haki yake ni mwingine, ambaye hayupo dukani. Wengine watasema kila mtu siku hizi anajua chipubodi ni nini. Si kweli kwamba kila mtu anajua. Ni wangapi wanaofahamu kwamba gundi ya mbao nyingi za namna hii hutoa gesi ya fomaldehaidi, ambayo mwaka 2004 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu? Hatari hutegemea kiasi, na viko viwanda vinavyokipunguza sana. Lakini kiasi hicho hakionekani kwa macho, kwa hiyo anayekijua anapaswa kukitaja.

Pingamizi zito zaidi ni la riziki. Fundi akieleza kila udhaifu, mteja atavuka barabara kwa fundi asiyesema kitu. Naliheshimu pingamizi hili kuliko yote, kwa sababu linatoka kwa watu wenye watoto wa kulisha. Bado, sehemu kubwa ya ukweli huo si ghali: kuonyesha kipande kilichokatwa ili mteja auone moyo wa ubao, kuziba kingo zote nne, kuinua kabati kwa miguu badala ya kulikalisha sakafuni, kuandika aina ya ubao kwenye risiti. Kinachobaki kuwa ghali hakimhusu fundi peke yake. Sura ya Al-Mutaffifin inamkemea mtu anayetaka apimiwe kamili lakini naye, akiwapimia wengine, hupunguza. Huwa tunaisoma tukimfikiria mwenye duka, ilhali mteja naye ana kipimo chake, nacho ni fedha. Anayeambiwa bei ya kazi iliyo kamili, akaishusha hadi mahali ambapo anajua haiwezi kufanyika, kisha akakubali mlango unaong'aa bila kuuliza kilichopunguzwa, amelipia ukingo ule wa nyuma ubaki wazi. Maji yakishauingia, hawezi kumdai fundi peke yake.