Viumbe Tuwakutao Majumbani na Safarini

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitambaacho na kila kirukacho. Na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, aliyetumwa kuwa rehema kwa walimwengu wote. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu wa pwani wana mambo mawili ambayo ukiyaweka pamoja hayapatani. Mtu akiwa nyumbani kwake, kila kiumbe kimtokeacho hukitafutia fimbo au kiatu. Nge, nyoka, mjusi kafiri, siafu mlangoni, bundi juu ya paa, wote kwake hukumu yao ni moja. Mtu huyo huyo, siku za mapumziko zikifika, hulipa nauli akapanda treni iendayo Nairobi, ile iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017, akakaa dirishani mpaka Tsavo ili awaone ndovu waliogeuka wekundu kwa udongo wa huko; na awaonapo husema, Subhana-llah! Au huvuka kwenda Unguja kumtazama kima punju katika msitu wa Jozani, akastaajabu kuambiwa kwamba mnyama huyo hula makaa ya kuni. Twauliza: je, ni kweli, kama wengi wadhanivyo, kwamba kosa la mtu huyu liko nyumbani na wema wake uko safarini?

Jua, ewe ndugu, kwamba sheria haiulizi mahali. Yauliza haja na dhara. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), amewagawa wanyama wasioliwa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni wenye kudhuru wala hawana nafuu, mfano wa nyoka, nge, panya na mbwa mwenye kuuma. Hao ni sunna kuwaua. La pili ni wenye nafuu na dhara pamoja, kama kipanga na duma. Kuwaua hao si sunna wala si makuruhi. La tatu ni wale ambao nafuu yao haionekani wala dhara yao haionekani, kama mende wa shambani na vidudu vya ardhini. Hao kuwaua ni makuruhi. Fungu hili la tatu ndilo lenye viumbe wengi kuliko yote, nalo ndilo tunalolisahau tukishika fimbo.

Tuanze na nyumbani, kwani huko haja yetu ni ya kweli. Sheria haimwambii mtu amwache nge chini ya mto wa mtoto. Walakini hata katika wale walioruhusiwa kuuawa kuna mpaka. Imam Muslim amepokea kwa Abu Said al-Khudri, r.a., habari ya kijana wa Kiansari aliyekuwa ameoa karibuni. Alirudi kutoka Khandaq akamkuta mkewe amesimama mlangoni. Ghera ikampanda, akamwelekezea mkuki. Mke akamtaka aingie kwanza atazame kilichomtoa nje. Akaingia, akaona nyoka mkubwa amejikunja juu ya tandiko. Akamchoma, na haikujulikana ni nani aliyetangulia kufa, nyoka au kijana. Hapo Mtume s.a.w. akafundisha kwamba nyoka wa majumbani waonywe kwa muda wa siku tatu kabla ya kuuawa, kwani huenda akawa ni jini aliyesilimu. Wanavyuoni wamekhitalifiana kama hukumu hii ni ya Madina peke yake au ni ya miji yote, na mwenye kushambuliwa ana haki ya kujikinga saa ile ile. Faida tuitakayo ni kwamba hata nyoka mtu hakuachiwa amwue kabla ya kumtazama. Nasi tutazame tena habari ile: kijana aliharakisha mara mbili, mara ya kwanza kwa mkewe.

Ama mjusi kafiri, hadithi ya kumwua ni sahihi, na thawabu imetajwa kuwa kubwa zaidi kwa amwuaye kwa pigo la kwanza. Baadhi ya wanavyuoni wamesema sababu yake ni kwamba pigo moja ndilo lenye ihsani, mnyama asiteseke. Basi wale vijana wa chuoni wamkimbizao mjusi ukutani, wakamkata mkia, wakamwacha ahangaike huku wakicheka, wakisha wakisema ni sunna, sunna hiyo wameipata wapi? Na chungu wamekatazwa kuuawa, pamoja na nyuki, katika hadithi ya Ibn Abbas. Siafu wenye kuuma waruhusiwa kuzuiwa, lakini kuwamwagia mafuta na kuwatia moto hali njia nyingine iko, hilo halifai.

La bundi ni aibu kubwa zaidi, kwani yeye hauawi kwa dhara bali kwa uchuro. Watu husema akilia juu ya nyumba mtu atakufa. Itikadi hii ni ya Jahiliya yenyewe. Waarabu wa zamani walikuwa nayo, na Mtume s.a.w. akaikanusha kwa kumtaja ndege huyu. Bundi hula panya, na panya ni katika fungu la kwanza. Amwuaye amemwua msaidizi wake kwa ajili ya ushirikina wa bibi zake.

Mfano mwingine ni kunguru wa mjini, mwenye shingo ya kijivu. Asili yake si huku. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, ati ale taka za mji. Akazaana, akavuka bara, na leo ala mayai na makinda ya ndege wetu. Kunguru ametajwa katika hadithi miongoni mwa watano wanaouawa hata katika Haram, basi kumwua hakuna shaka. Lakini kunguru afuata jaa. Mtu atupaye matumbo ya samaki njiani, kisha akamlaani kunguru, amemwalika mgeni mwenyewe.

Twende sasa safarini, na hapa ndipo penye neno tulilokusudia. Nyumbani mtu akizidisha, ana udhuru wa khofu. Safarini hana udhuru wowote, kwani alitoka nyumbani kwa furaha tu. Basi dhara ndogo aifanyayo huko ni nzito kuliko aifanyayo mlangoni pake. Abu Daud amepokea kwa Abdullah bin Masud, r.a., kwamba walikuwa safarini na Mtume s.a.w., wakaona ndege mdogo ana makinda mawili, wakayachukua. Mama akaja akipiga mbawa juu yao. Mtume aliporudi akauliza ni nani aliyemsikitisha ndege huyu kwa watoto wake, akaamrisha warudishiwe. Hawakuyaua makinda yale, wala hadithi haisemi walikusudia kuyala. Waliyachukua tu.

Linganisha na tuyaonayo leo. Kizimkazi, kusini ya Unguja, zamani wavuvi waliwaua pomboo wawe chambo cha papa. Tangu miaka ya 1990 wageni huchukuliwa kuwatazama, na hilo ni afadhali bila shaka. Lakini mashua huwa nyingi, mitambo ikanguruma, pomboo wakazungukwa huku na huku, na wenye watoto wakakosa kupumzika wala kunyonyesha. Wengine hutoa viti vya pweza majini wakavishika juani mpaka picha imalizike. Wengine huwarushia tumbili ndizi kwa kucheka. Tumbili akizoea huingia majikoni, na aliyemfundisha amekwisha kwenda zake, mwenye nyumba ndiye abakiye na manati. Hakuna hata mmoja katika hawa aliyekuwa na haja.

Wala hatusemi kutazama ni vibaya. Mwenyezi Mungu ameamrisha kutazama alivyoviumba, na katika Suratul An'am ametujulisha kwamba wanyama na ndege ni umma mfano wetu. Fedha za watazamaji pia zina kheri. Jozani pamoja na ghuba ya Chwaka palifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, na barabara ikawekwa matuta ili magari yasiwaponde kima. Na Pemba yuko popo mkubwa asiyepatikana popote duniani ila kisiwa kile. Watu walimwinda kwa nyama mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980 akakaribia kwisha, ilhali kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kwamba popo haliwi. Wanakijiji wa Kidike walipomlinda, popo wakarejea kwa wingi, na wageni sasa hulipa kuwatazama wakining'inia juu ya miti. Hapo mgeni hakumgusa popo, na mwenyeji amepata riziki kwa kuacha haramu.

Imebaki suala la manahodha: je, ujira wao ni halali? Jawabu: kumchukua mtu baharini kwa ujira ni ijara sahihi. Lakini asimwahidi mgeni kwamba atamwonyesha pomboo kwa hali yoyote, kwani pomboo hayumo mkononi mwake, na wanavyuoni wamekataza kuuza samaki aliye majini na ndege aliye angani kwa sababu ya gharari. Ahadi ile ndiyo imsukumayo kuwakimbiza. Na amwekee sharti mapema kwamba akodisha safari. Akifika mahali pao azime mtambo angoje. Wakija wenyewe ni riziki ya macho, na wasipokuja, nauli yake ni haki yake kamili wala mgeni hana la kudai.

Wallahu aalam.