KUMLEA MNYAMA ALIYETUPWA: NI UPUUZI AU NI SADAKA?

 

Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaojitolea, bila mshahara, kuokota paka na mbwa waliotupwa na wenyewe. Mnyama akishatibiwa, mmoja wao anamweka nyumbani kwake kwa majuma au miezi, mpaka apatikane mwenye kumchukua moja kwa moja. Mlezi huyo hakumnunua wala hatabaki naye. Anamlisha, anamzoeza watu, kisha anamtoa. Sisi tukisikia habari hiyo tunacheka, au tunakasirika: "Watoto wetu wanalala na njaa, wao wanalisha mbwa!" Neno hilo lina uzito. Basi tulipime kwa mizani ya dini, si kwa hasira.

Unazijua hadithi mbili mashuhuri. Mtu mmoja alishikwa na kiu njiani, akashuka kisimani akanywa. Alipotoka akamwona mbwa analamba udongo kwa kiu. Akashuka tena, akajaza maji katika kiatu chake, akamnywesha, na Mungu akamsamehe. Mwanamke mwingine aliadhibiwa kwa sababu ya paka. Angalia vizuri kosa lake. Hakuadhibiwa kwa kuwa hakulisha paka wote wa mji. Alimfungia paka mmoja, asimpe chakula, wala asimwache ajitafutie wadudu wa ardhini. Basi deni linaanza pale mlango unapofungwa. Uliyemfunga kamba, riziki yake imepitishwa mkononi mwako. Ndiyo maana wanazuoni wetu wa fiqhi wakasema: mwenye mnyama ni wajibu juu yake kumlisha, akishindwa, amuuze, amwachie, au amchinje akiwa ni wa kuliwa.

Sasa fikiri. Anayemtupa mnyama aliyemfuga ameacha deni nyuma yake. Anayejitolea kumlea analipa deni ambalo hakulikopa yeye. Je, huo ni upuuzi?

Mwaka 2005 tufani Katrina iliuharibu mji wa New Orleans, Marekani. Watu walipohamishwa, mabasi na kambi nyingi hazikukubali wanyama. Wako waliokataa kuondoka ili wasimwache mbwa au paka wao, wakahatarisha roho zao. Watu wa kujitolea wakaingia kutoa wanyama katika nyumba zilizofungwa, na wengi wakapelekwa kulelewa mbali. Mwaka 2006 sheria ya nchi hiyo ikaagiza kwamba mipango ya kuhamisha watu iwafikirie na wanyama wao. Sisi wa Kivu tunajua kukimbia ni nini. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye watu wengi wa Goma wakaamriwa kuhama. Aliyemkatia mbuzi wake kamba kabla ya kukimbia alifanya kitendo kidogo, lakini alitoka bila deni hilo.

Utauliza: na mtoto je? Jibu liko wazi. Ikiwa tonge ni moja, ni la mtoto. Mwanadamu ametukuzwa, na matunzo ya watu wa nyumba yako yako mbele ya sadaka. Lakini mara nyingi tonge si moja. Vichwa vya sambaza na ukoko wa bugali havikutolewa kwenye sahani ya mtoto. Na wewe unayesema "kwanza yatima", juma hili yatima ulimpa nini? Ukimtaja ili kumnyima mbwa, na yeye pia humpi, hukumtetea yatima. Umemfanya kisingizio.

Jua na mipaka. Paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani. Mbwa, katika madhehebu ya Imamu Shafi, ni najisi; basi mahali pake ni uani kwa ulinzi au kwa mifugo, si chumbani. Tena huruma si ujinga: mbwa usiyemjua anaweza kuwa na kichaa. Akikuuma, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, ukimbilie chanjo hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana ugonjwa huo ukishajitokeza mtu haponi ila kwa nadra sana.

Ndugu yangu, hukuagizwa kuokoa wanyama wote wa dunia. Utaulizwa juu ya yule aliye mkononi mwako. Leo ukitoka msikitini, tazama nyumbani kwako: kuku aliyefungwa miguu na kulazwa juani tangu asubuhi, mbuzi mwenye kamba fupi isiyofika kwenye majani, mbwa ambaye usiku unamdai kazi na mchana humpi maji. Anzia hapo, kabla ya kuwacheka walio mbali.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye huruma, apate kutuhurumia nasi. Amin.