Ruzuku, Sadaka na Haki

Katika lugha yetu neno ruzuku ni ndugu wa riziki. Wazee wetu waliposema kwamba fulani ameruzukiwa, walikusudia kuwa Mwenyezi Mungu ndiye mtoaji, na mja ni mpokeaji asiye na la kudai. Leo neno hilo limehamia ofisini. Twalisoma katika makadirio ya matumizi ya Serikali, twalisikia Bungeni, nasi tulioajiriwa kushika kalamu ya umma tumeliandika mara nyingi kuliko tunavyoweza kukumbuka. Serikali hutoa ruzuku kwa hospitali ya shirika la dini, kwa kituo cha watoto yatima, kwa makao ya wazee, na kwa kila mahali ambapo watu wamejitolea kuwahudumia wenzao bila kutafuta faida. Neno limehama, na twahofu kwamba maana yake ya kale imehama pamoja nalo: mtoaji akajiona amekaa mahali pa Mungu, na mpokeaji akajiona hana la kudai.

Swali letu basi ni hili. Serikali inapoipa fedha taasisi isiyo yake, ili imtibu mgonjwa au imlee yatima, fedha hiyo ni kitu gani? Je, ni zawadi, ambayo mtoaji aweza kuizuia siku atakayonuna? Ni bei, ambayo mnunuzi hulipa ili apate amri juu ya alichokinunua? Au ni deni? Na kama ni deni, ni la nani kwa nani? Huenda msomaji akaona kwamba hili ni jambo la wahasibu, lisilostahili kuwekwa katika kitabu cha utamaduni. Sisi twaona kinyume. Utamaduni wa taifa hauishii katika ngoma, mavazi na methali. Namna watu wanavyopeana, na namna wanavyotazamana machoni baada ya kupeana, ni sehemu yake ya ndani kabisa.

Tuanze na mila. Huko Upare kuna msaragambo. Mbiu hupigwa, watu hutoka kwenda kuchimba mfereji au kutengeneza njia, na kazi ya wote hufanywa na wote. Huku pwani kuna wakfu. Mtu mwenye nyumba au shamba hulitoa wakfu, na tangu siku hiyo pato lake huenda msikitini, kisimani au kwa maskini. Mali ya wakfu haiuzwi, hairithiwi, wala haitolewi zawadi. Aliyeitoa hana tena mamlaka ya kuirudisha mfukoni mwake. Anayeisimamia hana ruhusa ya kuila, na ana wajibu wa kuitolea hesabu. Tulishike jambo hili, kwa maana tutalirudia: katika wakfu mtoaji na msimamizi wote wawili wamefungwa, nao wamefungwa kwa ajili ya mtu wa tatu ambaye pengine hawajapata kumwona.

Hata hivyo, tusiisifu mila kupita kiasi. Wema wa ukoo aghalabu ulikuwa na mipaka ya ukoo. Mgeni asiye na jamaa, mjane aliyesingiziwa uchawi, mtumwa aliyezeeka, mtoto aliyezaliwa na kilema: wengi wao hawakuwa na mtu wa kuwapigia mbiu. Ndiyo sababu palihitajika mikono mipana kuliko ukoo, yaani mikono ya dini, ya vyama vya hiari, na hatimaye ya dola.

Mikono hiyo haikukutana leo. Katika miaka ya 1920 Serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilianza kuzipa ruzuku shule za misheni zilizotimiza masharti yake. Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, taifa lilitaka huduma ya msingi iwe ya raia wote. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule za mashirika zilizokuwa zikipata ruzuku zikawekwa chini ya Serikali, ili mtoto asiulizwe dini yake mlangoni pa darasa. Katika afya mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Sheria ya mwaka 1977 ilipiga marufuku utabibu wa binafsi wa kutafuta faida, lakini mashirika yasiyotafuta faida yakaruhusiwa kuendelea. Pale ambapo wilaya haikuwa na hospitali ya Serikali, hospitali ya shirika ilifanywa kuwa Hospitali Teule ya Wilaya, na Serikali ikachukua mzigo wa mishahara na matumizi. Hospitali ya Bugando, Mwanza, iliyojengwa na Kanisa Katoliki na kufunguliwa mwaka 1971, ilitaifishwa mwaka 1972, kisha ikarudishwa kwa Kanisa mwaka 1985 kwa makubaliano, huku Serikali ikiendelea kuchangia gharama. Mwaka 1991 utabibu wa binafsi uliruhusiwa tena. Mwaka 1992 Serikali ilitia saini makubaliano na Jumuiya ya Kikristo Tanzania na Baraza la Maaskofu Katoliki kuhusu huduma za jamii. Na mwaka 1993 wananchi wakaanza kuchangia gharama za matibabu katika hospitali za Serikali, wakipewa msamaha wajawazito, watoto wadogo na wazee wasio na uwezo.

Historia hii yatufunza kwamba dola yetu haikupata kuwa peke yake katika kazi ya huruma, wala mashirika hayakupata kuwa peke yake. Kila mmoja amemhitaji mwenzake. Lakini kuhitajiana si sawa na kuheshimiana, na hapo ndipo penye ugonjwa.

Tutoe ushahidi juu yetu wenyewe. Katika miaka ya 1990, tungali vijana katika utumishi, tulikalia dawati katika ofisi moja ya wilaya. Majalada ya ruzuku yalipita mikononi mwetu. Siku moja lilifika jalada la hospitali ya shirika la dini, nalo lilipungukiwa sahihi moja katika fomu moja. Tuliliweka kando. Hatukutaka rushwa, wala hatukuwa na chuki na mtu. Tuliamini kwamba twalinda mali ya umma, na pengine tulionja utamu wa kujua kwamba wakubwa wa hospitali wangelazimika kuja kutuamkia. Jalada likakaa majuma matatu.

Katika majuma hayo tulitumwa huko kwa shughuli nyingine. Nje ya dirisha la malipo tulimkuta mzee mmoja amekaa juu ya gunia, mkononi ameshika barua ya mtendaji wa kata. Barua ilisema kwamba hana uwezo na astahili msamaha. Dirishani alikuwa ameambiwa kwamba Serikali haijaleta fedha za watu wa namna yake, basi arudi kata. Kata walikuwa wamemwambia kwamba hospitali inapewa fedha, basi arudi hospitali. Alikuwa amekwenda na kurudi mara mbili kwa miguu. Tulimwamkia, naye akaitikia kwa upole, kisha akatuuliza, “Wanangu, mimi ni mgonjwa wa nani?”

Hatukumjibu. Tulijua jibu lilipolala: lilikuwa ndani ya jalada, juu ya dawati letu. Kesho yake asubuhi tulimtuma tarishi kuifuata sahihi ile, na kabla ya adhuhuri ilikuwa imepatikana. Kazi ya nusu siku tulikuwa tumeifanya ya majuma matatu. Kama mzee alipona hatukupata kujua, na kutojua huko tumekubeba hadi umri huu.

Tangu siku ile tumeona kwamba wako wakosaji wawili, na kila mmoja hulitazama kosa la mwenziwe tu. Kosa la mtoaji ni kudhani kwamba fedha ni yake. Afisa husema “tumewasaidia,” kana kwamba alichomoa noti kutoka mfukoni mwake. Fedha ya Serikali ni ya mkulima aliyelipa ushuru wa korosho, na ya mama aliyenunua sukari na kibiriti vilivyotozwa kodi. Hata yule mzee wa kwenye gunia, kila aliponunua sabuni, alikuwa amechangia. Ruzuku inapochelewa bila sababu, aliyenyimwa ni yeye, mwenye fedha.

Kosa la mpokeaji ni kudhani kwamba wema wake wamtosha kuwa hesabu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, wala hawakuitenga mali ya watu wema. Shirika likipokea fedha ya umma halafu likaona uchungu kukaguliwa, au likampendelea muumini wake kuliko jirani, au likamtaka yatima aimbe shukrani mbele ya kila mgeni, limeigeuza haki kuwa sadaka.

Hapa yapo mabishano ambayo mwalimu atayasikia darasani, nayo yafaa yajibiwe kwa haki. Wako wasemao kwamba Serikali yenye heshima yapasa ifanye yote kwa mikono yake. Hoja hiyo ina uzito, kwa maana wajibu hauwezi kukabidhiwa mwingine kama mzigo wa kupagaza. Lakini hospitali iliyokwisha kusimama, yenye wauguzi na imani ya wanakijiji, haiachwi ife ili tu tujenge nyingine kando yake kwa jina letu. Wako wengine wasemao kwamba huruma ni kazi ya watu wa dini na wahisani, Serikali ijitenge nayo. Hao wamesahau kwamba mhisani huchagua amhurumiaye, na asiyechaguliwa hana pa kushtaki. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini taifa haliwezi kuuacha uhai wa raia utegemee moyo wa mtu ulivyoamka asubuhi.

Wako pia waliouliza, na miongoni mwao Waislamu wengi, kama makubaliano ya mwaka 1992 na makanisa hayakuwapa baadhi ya raia mlango ambao wengine hawakufunguliwa. Swali hilo halistahili kubezwa wala kufanywa fitina. Makanisa yana hospitali nyingi, na mgonjwa wa dini yoyote hutibiwa humo. Hilo ni kweli. Ni kweli vilevile kwamba fedha itokayo katika kapu la wote yapasa itolewe kwa kipimo kinachojulikana na wote, ili kila shirika, liwe la msikiti, la kanisa au la watu wasiojitambulisha kwa dini, lipimwe kwa kazi yake na kwa watu linaowahudumia. Kipimo kikiwa wazi, ruzuku huunganisha taifa. Kikifichwa, hata ruzuku ya haki hunong’onwa.

Mashirika nayo yafaa yajifunze kutoka kwa yaliyotokea karibuni. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na huduma nyingi za afya katika Afrika, hasa za wagonjwa wa UKIMWI, zikatikisika kwa amri iliyotolewa mbali nasi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hiyo yawahusu walioitegemea hisani ya mgeni, nayo yaihusu Serikali iliyoiacha hisani hiyo ibebe wajibu wake.

Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 11, yaitaka dola iweke utaratibu wa kutimiza haki ya mtu kupata msaada wa jamii katika uzee, maradhi na ulemavu. Lakini ibara ya 7 yaeleza kwamba masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi na mahakama. Kwa maneno mengine, yule mzee alikuwa na haki ambayo hakimu hakuwa na uwezo wa kumdaia. Basi nani atamdaia? Hapa ndipo sheria inapoukabidhi mzigo utamaduni. Haki isiyo na mahakama hukaa katika dhamiri ya karani, katika adabu ya muuguzi, katika mazoea ya watu ya kuuliza fedha yao imefanya nini. Mazoea hayo yakifa, ibara itabaki wino.

Kwa hiyo twarudi kwenye wakfu, na jibu la swali letu. Ruzuku ni deni, na mdai wake ni mgonjwa, yatima na mzee. Serikali na shirika ni wadeni wawili wa mdai mmoja. Kila mmoja ana haki ya kumkumbusha mwenziwe: shirika liidai Serikali ilete fedha kwa wakati, na Serikali ilidai shirika lilete hesabu kwa wakati. Wala asiwepo kati yao wa kumwambia mwenziwe “nimekusaidia.”

Enyi vijana mnaosoma kurasa hizi, baadhi yenu mtakalia madawati kama lile letu, na wengine mtasimama nyuma ya dirisha kama lile la hospitali. Mtaletewa karatasi yenye upungufu, na sheria itawaruhusu kuiweka kando. Kabla ya kuiweka, jiulizeni ni nani aliyekaa nje juu ya gunia akiingoja. Naye akiwauliza yeye ni mgonjwa wa nani, mwe na ujasiri tulioukosa sisi, wa kumjibu palepale: “Ni wetu, mzee. Karibu ndani.”